UZI: Mwaka 1977 bunduki zilinyamaza. Wawindaji walisema nini, na nani hakuulizwa?

1/ Kila mara mswada wa wanyamapori ukitajwa, mtandao unagawanyika pande mbili. Huku wanasema uwindaji urudishwe, wanyama wajilipie. Kule wanasema anayeua kwa raha ni muuaji tu, awe na leseni au asiwe nayo. Juzi nilikuta mjadala huo huo kwa kibanda cha chai hapa Kiplombe, na kelele zake zilikuwa kama za huku tu. Hebu tuangalie historia kwanza. Kama kawaida ya nyuzi zetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Shuka nami pole pole.

2/ Swali letu ni hili: Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa burudani mwezi Mei 1977, wawindaji waliipokeaje? Jibu fupi: inategemea unamwita nani mwindaji. Hapo ndipo ugomvi wote uko, na hapo ndipo watu wengi huku wanaruka bila kuangalia.

3/ Tuanzie nyumbani. Kiplombe iko kaskazini-magharibi mwa Eldoret, eneo bunge la Turbo. Leo ni mahindi, nyumba za kupangisha na boda boda. Mwambie mtoto wa hapa kwamba uwanda huu ulikuwa wa twiga, atakucheka. Lakini miaka mia moja na ushee iliyopita Uasin Gishu ilijaa kongoni, punda milia, twiga, taya na simba. Makaburu walipofika 1908 na mikokoteni ya maksai kutoka Nakuru, nyama ya pori iliwasaidia kuishi kabla shamba halijaanza kulipa. Mji wenyewe ulianzia Shamba Nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912.

4/ Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alikuja Afrika Mashariki kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe, na ngozi na mifupa mingi ikapelekwa makumbusho ya Washington. Safari hiyo ilimfikisha mpaka huku kwetu. Pale Sergoit, lile jabali unaloliona ukielekea Iten, alikaa juu ya farasi akatazama vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na kumwua kwa mikuki. Akaandika kitabu, na ushujaa ule ukasomwa duniani kote.

5/ Weka alama hapo. Siku ile mkuki ulisifiwa. Siku nyingine, Mwafrika aliyeua mnyama wa pori bila kibali cha serikali alikuwa mvunja sheria. Sheria za kikoloni za wanyama ziliuza leseni: pauni 50 kwa mgeni mwenye pesa, pauni 10 kwa setla. Pauni 50 mwaka huo ni pesa ambayo babu yako asingeiona maishani. Kwa hivyo marufuku ya kwanza ya uwindaji Kenya haikuanza 1977. Ilianza mwanzoni mwa karne, na ilimlenga mtu asiye na leseni.

6/ Na si ati kabla ya Mzungu hakukuwa na sheria. Kila ukoo wa Kikalenjin una tiondo yake, yaani mnyama wake. Kipkoitim ni wa ndovu, Talai ni wa simba, Tungo ni wa fisi. Mnyama wa ukoo wako ana heshima yake na humfanyii unavyotaka. Sisemi wazee walikuwa malaika, watu walikula nyama ya pori na walitega mitego. Nasema swali la nani aue, aue nini na kwa sababu gani lilikuwa na majibu hapa kabla ya kuandikwa kwenye gazeti rasmi la serikali.

7/ Tuvuke kidogo mpaka Tsavo, kwa sababu mfano wa huko ni mkali zaidi. Wata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kali dhidi yao, wanaume wengi wakafungwa. Baadaye wakubwa wenyewe wakaona wamevunja maisha ya jamii nzima. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, nia yake ikiwa Wata wawinde ndovu kihalali na kwa mpango. Soma tena hapo: mtu alifungwa kwa kazi ya babu zake, kisha akaambiwa aje aifanye kama mwajiriwa.

8/ Wakati huo huo uwindaji wa leseni ulikuwa biashara kubwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki kiliundwa 1934 katika hoteli ya Norfolk, Nairobi. Kilikuwa na kanuni zake: usimpige mnyama ukiwa ndani ya gari, usimwache aliyejeruhiwa akafie msituni. Nchi iligawanywa katika vitalu vya uwindaji. Mwindaji anakodi kitalu, analipia kila mnyama, na sehemu ya pesa inaingia kwa baraza la kaunti la eneo hilo. Kumbuka hilo baraza, tutalirudia.

9/ Sasa tufike miaka ya 1970. Bei ya pembe ilipanda na ndovu wakaanza kuanguka. Mwaka 1973 uwindaji wa ndovu ukasimamishwa. Mwaka 1976 sheria mpya ikaunganisha idara ya wanyama na ile ya mbuga. Mei 1977, Tangazo la Kisheria Nambari 120 likafuta leseni zote za uwindaji wa burudani. Mwaka 1978 zikafuata biashara za ngozi, pembe na vinyago vya wanyama, maduka yakafungwa. Hoja ya serikali ilieleweka: pembe ya halali na pembe ya wizi zikiwa juu ya meza moja, nani atazitofautisha? Leseni ilikuwa imegeuka pazia.

10/ Wawindaji wenye leseni walikuja na hoja moja ambayo mpaka leo mnaisikia: mnatutoa sisi, mnabaki na jangili. Walisema mwindaji aliyekodi kitalu anakaa porini miezi, anajua nyayo ngeni, anaripoti. Akiondoka, kitalu kinabaki bila macho. Wengine wakaongeza kwamba wizi mkubwa haukuwa wa wawindaji, ulikuwa wa watu waliolindwa na vyeo. Hiyo ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini.

11/ Kisha wakaondoka. Chama chao kilivunjwa mwaka huo huo wa 1977 baada ya miaka 43. Wengi walihamisha kazi yao nchi zilizokuwa bado wazi, kama Sudan, Zambia na Botswana. Tanzania ilikuwa imefunga uwindaji tangu 1973, lakini ikaufungua tena 1978, na wengine wakaelekea huko. Ukitazama hivi, marufuku ya Kenya haikumaliza uwindaji Afrika. Iliusukuma ng'ambo ya mpaka.

12/ Kundi lingine lilibaki likabadilisha chombo. Badala ya bunduki, kamera. Watu waliojua kumfuata mnyama kwa nyayo wakawa waongozaji wa watalii, na biashara ya safari za picha ikachukua njia zile zile, mahema yale yale, hata lile neno letu safari. Hawa ndio ushahidi unaotolewa na wanaotetea marufuku: kazi haikufa, ilibadilika.

13/ Lakini hawa wote ni wale walioandika vitabu na kuhojiwa. Nyuma ya kila mwindaji kulikuwa na mfuata nyayo, mbeba bunduki, mchuna ngozi, mpishi na dereva. Wengi wao walikuwa Waafrika waliojua pori kumliko bosi. Leseni ilipofutwa, bosi alikuwa na pasipoti na wateja ng'ambo. Mfuata nyayo alikuwa na nini? Baadhi walipata kazi kwenye safari za picha. Wengine walirudi nyumbani na ujuzi ambao sasa ulikuwa hatari kuwa nao.

14/ Na lile baraza la kaunti? Kitalu kikifungwa, ada ya kitalu inaisha. Mnyama bado anakunywa maji ya mfugaji na kula nyasi za ng'ombe wake, ila sasa haleti hata senti ya barabara ya kijiji. Pesa za utalii wa picha ziliingia zaidi penye mbuga maarufu na hoteli kubwa. Kijiji ambacho simba wanapita usiku lakini basi la watalii halipiti mchana kilibaki na hasara peke yake. Huyu mwenye ardhi hakuwa mwindaji, ila marufuku ilimgusa kuliko wengi.

15/ Sasa twende kwa hesabu, kwa sababu huku kila mtu anatupa namba. Mapema miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu kama 167,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Yaani kipigo kikubwa kilitokea wakati uwindaji wa leseni ulikuwa umeshafungwa. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha wanyamapori wa nyanda za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Upande wa "rudisheni uwindaji" unapenda sana hiyo 1977. Wanasema: si mnaona?

16/ Ngoja kwanza. Utafiti huo huo unataja ongezeko la watu, mabadiliko ya mvua, sera mbovu na mifugo. Mbuzi na kondoo peke yao waliongezeka kwa karibu asilimia 76. Tena mtazame jirani. Tanzania iliruhusu uwindaji wa kitalii miaka hiyo yote, na bado ndovu wake walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na pigo kubwa lilikuwa Selous, pori lililojaa vitalu vya uwindaji. Kwa hivyo leseni haikumzuia jangili kule, na marufuku haikumzuia huku. Anayekuambia jambo hili ni rahisi anakuuzia kitu.

17/ Kama unataka kujua wanyama walienda wapi, rudi Uasin Gishu. Katika miaka ya 1970, kwenye ranchi ya Soy ya ekari 18,000, njia ya Kitale, kulikuwa na twiga wa Rothschild kama 130, karibu wa mwisho wa aina yao katika magharibi ya Kenya. Ranchi ilikuwa inagawanywa kwa watu wasio na ardhi. Twiga wengine walihamishwa, wakapelekwa Nakuru, Ruma, Mwea na Nasalot. Mwaka 1974 mtoto mmoja wa twiga, Daisy, alichukuliwa na wanandoa akina Leslie-Melville mpaka Nairobi. Kile kituo cha twiga ambacho watoto wetu wanapelekwa Karen na basi la shule kilianzia hapo.

18/ Yaani mtoto wa Kiplombe analipa nauli mpaka Nairobi kumwona twiga ambaye wazazi wake walitoka jirani. Twiga wa Soy hawakuondolewa na bunduki ya mwindaji. Waliondolewa na mpaka wa shamba. Na huwezi kusema kirahisi kwamba ilikuwa makosa, kwa sababu watu waliopewa hiyo ardhi nao walihitaji mahali pa kulima. Wengine wanaosoma uzi huu wamekula mahindi yake.

19/ Baada ya hapo mlango uligongwa mara kadhaa. Katika miaka ya 1990 serikali ilijaribu kuruhusu baadhi ya ranchi kuvuna idadi maalum ya wanyama kwa ajili ya nyama na ngozi. Jaribio lilisimamishwa 2003. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wapinzani walisema unafungua njia ya uwindaji, na walioutetea wakasema unawapa wenye ardhi fidia bora na sauti. Rais akakataa kutia sahihi. Uwindaji haukurudi, ila na ile fidia nayo ikalala. Hilo la pili halitajwi sana.

20/ Sheria ya 2013 ilikaza: uwindaji wa burudani ni kosa, hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Ilipandisha fidia ya kifo mpaka shilingi milioni 5, na malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo hayajaisha mpaka leo. Sheria hiyo hiyo iliacha mlango wa ufugaji kwa leseni, kama mamba na mbuni. Mwaka 2018 likaundwa jopo kazi la kuangalia kama wanyamapori wanaweza kutumika kwa nyama na bidhaa, mtandao ukawaka moto tena.

21/ Hapo ndipo linaingia neno "uzio", na tukitaka kulielewa lazima twende Afrika Kusini. Kule mnyamapori anaweza kuwa mali ya mwenye shamba, mradi amezungushia ua unaotakiwa. Ranchi zikaongezeka, na aina nyingi za wanyama zikaongezeka kweli. Lakini pia ikazaliwa biashara ya simba wa kufugwa: anazaliwa kwenye kizimba, analishwa na mtu, halafu anaachiliwa ndani ya ua ili mteja ampige risasi. Hana pa kukimbilia, na mtu hamwogopi kwa sababu ndiye humletea chakula.

22/ Mwaka 2007 serikali ya huko ilitoa kanuni kwamba simba wa kufugwa asiwindwe mpaka awe amejitegemea porini miezi 24. Wafugaji wakaenda kortini. Wakashindwa 2009, wakakata rufaa, wakashinda 2010. Mwaka 2021 serikali ikatangaza tena nia ya kuifunga biashara hiyo. Ona muda: kitu kikishakuwa mtaji, kikiwa na wafanyakazi, mikopo na mawakili, kukifunga si kazi ya tangazo moja. Kenya ya 1977 ilifunga kwa tangazo moja.

23/ Lakini kinachonivutia zaidi ni wawindaji wenyewe. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Kusini kilipiga kura 2015 kujitenga na uwindaji wa simba wa kufugwa. Mwaka 2017 kikageuza msimamo, wanachama wengine wakatoka wakaunda chama chao. Marekani nako, jimbo la Montana, wapiga kura walikataza mwaka 2000 kulipisha watu kupiga wanyama ndani ya mashamba ya uzio, na waliosukuma kura hiyo wengi walikuwa wawindaji. Waliogopa magonjwa ya mashambani kufika kwa wanyama wa porini, na waliona kumpiga mnyama asiye na pa kutorokea si uwindaji.

24/ Wenye mashamba ya Montana nao walilia, na kilio chao kilikuwa cha haki kwa upande wao: tuliwekeza kihalali, mmetubadilishia sheria katikati ya safari. Linganisha na yule mfuata nyayo wa 1977. Maumivu ni yale yale. Tofauti ni kwamba mwenye shamba alikuwa na wakili, na mfuata nyayo alirudi nyumbani akanyamaza.

25/ Kwa hivyo tukirudi kwa ule ugomvi wa kibandani. Wanaotaka uwindaji urudi wana hoja ya kweli: mnyama asiye na faida kwa mwenye ardhi atapoteza ardhi. Wanaotetea marufuku nao wana hoja ya kweli: palipo na rushwa leseni inakuwa pazia, na uzio unaweza kugeuza simba kuwa kuku wa kizungu. Pande zote mbili zinakwepa swali moja. Mnyama ni wa nani? Kwa sheria yetu si wa mwenye shamba, dola inamshikilia kwa niaba ya umma. Sawa. Basi umma ulipe nyasi anazokula, na ulipe kwa wakati.

26/ Mswada ukija safari ijayo, usianze na "turuhusu au tukataze". Usome uangalie mambo haya. Pesa inaingia kwa nani, ranchi kubwa au kijiji kinachopitiwa na wanyama? Anayekula mahindi yangu usiku, fidia yake inalipwa kwa siku ngapi? Njia za wanyama kati ya mashamba zinalindwa vipi kabla hazijauzwa ploti? Na anayewinda kwa ajili ya kitoweo atawekwa kundi moja na genge la pembe, au sheria itawatofautisha? Kama mswada hauna majibu hayo, basi iwe ni marufuku au ruhusa, tutakuwa tumerudia 1909: mmoja anapewa leseni, mwingine anapewa pingu.

27/ Mwisho wa uzi. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kufanya kazi na wawindaji, akiwa mfuata nyayo, mpishi au mchuna ngozi, kaa naye umuulize mwaka 1977 alipokeaje habari ile. Andika anachosema, na ukituma hapa chini usiweke jina lake kama hajakuruhusu. Vitabu vya mabosi tayari tunavyo. Hivyo vingine bado viko kichwani mwa wazee, na wanaondoka mmoja mmoja.